Mhariri, tunaomba kambale wetu arudishwe mtoni

Ndugu Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti, grili za madirisha na mara mojamoja vitanda vya chuma, karakana yangu ipo Kigogo huku upande wa bondeni, ukisimama mlangoni ukarusha jiwe kwa nguvu kidogo linatua Mto Msimbazi. Si mtu wa kuandika barua magazetini, mi huwa nasoma tu nikisubiri rangi ikauke, ila wiki iliyopita nimekutana na kitu kwenye hoteli moja hapa mjini kimenikaa rohoni mpaka leo, nikaona nikinyamaza nitakuwa sijawatendea haki watoto wa mtaani kwetu, wala yule mzee aliyetoa wazo.

Habari yenyewe ni ya samaki. Samaki wa taka, urefu mita nne, sharubu zake nyaya za umeme, na tumbo lake nimelitengeneza mimi kwa mkono huu.

Nianzie mwanzo. Mwaka juzi masika yalipoisha mto ulituachia zawadi zake kama kawaida, yaani ukitoka asubuhi kila mti wa bondeni umevaa nguo, rambo zinaning'inia kwenye matawi, mifuko ya salfeti, pampasi zimekunywa maji zimekuwa nzito kuliko mtoto mwenyewe, na chupa za maji ndo usiseme. Halafu watu wanadhani sisi wa bondeni ndo wachafu. Hivi wanajua huu mto unakotoka? Unaanzia kule kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata, huku na huku unapokea vijito vinavyotoka Ubungo na Sinza, mpaka ufike kwetu ushapita uani kwa watu wangapi, afu unashuka Jangwani kule ambako mvua ikikolea mwendokasi zinasimama, mwisho unaingia baharini pale Salenda. Kila anayekaa juu akitupa, sisi wa chini ndo tunapokea, na sisi tukitupa anapokea pweza.

Sasa kuna mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi ya hapa jirani, akaja karakana na watoto kama kumi na mbili, mkononi kashika simu, akaniambia fundi nataka tutengeneze kitu kwa hizi taka, kikubwa, watu wakione. Akanionyesha picha ya jahazi la rangirangi. Nikamwambia mwalimu hilo jahazi nimeliona kwa macho yangu!

Na kweli nililiona. Mwanzoni mwa Februari 2019 nilikuwa Unguja nafunga mageti kwenye nyumba ya mtu, jamaa wakawa wanasema kuna jahazi limeingia limetoka Lamu, limeundwa kwa plastiki tupu, nikasema nyie acheni uongo, nikaenda kuangalia. Aisee. Jahazi zima, mita tisa hivi, mkuku, mataruma, mbao za ubavuni, zote plastiki iliyookotwa ikayeyushwa ikamwagwa kwenye umbo, tani 10 za plastiki, halafu mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda wakaliunda kwa ufundi uleule wa majahazi ya mbao waliorithi kwa wazee wao. Nje wakalivisha ndala kama 30,000 zilizookotwa ufukweni, nyekundu, kijani, bluu, njano, ukiliangalia kwa mbali kama kanga mpya. Walilishusha majini kule Lamu Septemba 2018, wakaliita Flipflopi, likatembea karibu kilomita 500 mpaka Unguja likisimama njiani kwenye miji na vijiji, watu wanapanda, watoto wanashika, wazee wa baharini wanagonga ubavu kwa ngumi kusikia unalia vipi. Mwaka 2021 wakalipeleka hadi Ziwa Victoria likazunguka Kenya, Uganda na huku kwetu. Mi kama fundi kilichonigusa si rangi, kilichonigusa ni kwamba lile jahazi lilikuwa linafanya kazi ya jahazi. Linaelea, linabeba watu, tanga linavuta. Halikuwekwa juu ya meza ya kioo likaandikwa usiguse.

Shikilia hapo hilo neno la usiguse, nitalirudia.

Basi tukaanza. Watoto hatukuwaruhusu kuingia majini hata siku moja, hilo mwalimu aliliwekea mguu chini na mimi namuunga mkono asilimia mia, sababu huu mto una maji ya vyoo, una chupa zilizovunjika, na sindano tumezikuta zaidi ya mara moja. Waliokuwa wanaingia ni sisi watu wazima na vijana wa bodaboda wakiwa hawana abiria, tumevaa gambuti na glovu za ufundi, tunavuta kwa reki na nondo niliyoikunja kama ndoana. Tukitoa tunaloweka kwenye mapipa ya maji na jiki, tunasuuza, tunaanika, ndo watoto wanakaa kuchambua. Ndala huku, vizibo huku, chupa huku, kamba na nyavu huku, na rundo la "hatujui hii nini" ambalo ndo lilikuwa rundo tamu kuliko yote.

Ukitaka kujua tabia za watu chambua taka zao. Ndala zilijaza viroba vinne na hatukupata pea hata moja! Hata moja. Kila moja imekuja peke yake kama imegombana na mwenzake. Nakumbuka kuna moja ya kitoto, ndogo, ya bluu, mkanda ulikatika kidoleni, mtu kaurudisha akachomeka msumari kwa chini ya soli ushike, na soli ilishaliwa kisigino mpaka unaona vidole vya mguu vilivyojichora. Nikaiangalia muda mrefu nimeishika, nikawaza huyu mzazi hakuwa mtu wa kutupa ovyo, alitengeneza, akatengeneza tena, mpaka siku maji yalipoingia ndani usiku yakaichukua. Sio kila taka imetupwa, Mhariri. Nyingine imeporwa. Sisi wa bondeni tunalijua hilo tangu mafuriko ya Desemba 2011 na mengine yaliyofuata, watu wameamka wanaogelea sebuleni, unadhani ndala utaikumbuka?

Na kulikuwa na viroba. Simaanishi vya mchele, namaanisha vile vya konyagi na pombe kali, vile vya mia tano tano. Serikali ilivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, si mnakumbuka, lakini ukichimba tope la ukingoni pale kwetu vinatoka vimelaliana tabaka kwa tabaka, maandishi yanasomeka, rangi inang'aa kama vimetoka dukani jana. Mtoto mmoja wa darasa la tatu akaokota akauliza mwalimu hii ilikuwa juisi? Hajawahi kuviona maisha yake. Sisi wakubwa tukaangaliana tukacheka, afu hakuna aliyeendelea kucheka. Kitu kimekatazwa, kimeisha madukani, mtoto kakua hakijui, ila mtoni bado kipo kinamsubiri. Rambo hivyohivyo, zimekatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019 na bado zinaibuka kila mvua. Mwalimu alisema hapo kafundisha somo ambalo angelifundisha ubaoni wiki nzima lisingeingia.

Swali likawa tunatengeneza nini. Watoto wanataka papa, vijana wakataka simba sababu ya mpira (na wa Yanga wakakataa palepale, tukapoteza jioni nzima), mwalimu anataka kasa sababu kaona picha za kasa kameza plastiki. Kuna mzee mmoja anakaa karibu na msikiti, huwa anakuja kukaa karakana kupoteza muda, akasema nyie mbona mnatengeneza vitu vya watu wengine, hapa palikuwa na kambale. Alikuwa kijana, anasema, akivua kambale kwa ndoana na chambo cha mnyoo hapo hapo tunapookota pampasi, anapeleka nyumbani mama anapika na nazi. Watoto wakamwangalia kama anahadithia Abunuwasi. Sasa hapo nani tena atapinga? Ikawa kambale.

Kiunzi nilichomelea mimi kwa mabaki ya nondo na skweapaipu zilizobaki kwenye mageti ya wateja, sikumtoza mtu hata mia. Ngozi ya mgongoni ni mipira ya matairi ya baiskeli na vipande vya madumu. Magamba, najua kambale hana magamba, mzee alilalamika sana, ila kina mama wakasema samaki bila magamba hapendezi, wakakata ndala vipande vya duara wakavishona kwa uzi wa nailoni, mstari juu ya mstari, kuna mama pale anasuka mikeka ndo alikuwa anawaongoza wenzake, mkono unakwenda huku anasimulia habari za harusi ya wifi yake. Sharubu nyaya za umeme. Meno vizibo vya soda.

Jicho ndo lina hadithi. Tulipata mfuniko wa ndoo, wa kijani, na kwa juu umeandikwa jina kwa rangi ya kucha nyekundu, si mnajua kina mama wanavyoweka alama vyombo vyao visichanganyike kwenye shughuli. Tukaufunga pale jichoni bila kufikiria. Siku ya tatu mama mmoja wa nyumba ya nne kutoka kwangu akapita na beseni kichwani, akasimama, akasema heh! huo si mfuniko wangu? Ulichukuliwa na maji miaka hiyo pamoja na ndoo yake, sufuria tatu na godoro. Tukamwambia mama tunakufungulia uchukue, akakataa, akasema muacheni aone nao. Tangu siku hiyo ikawa kila jioni lazima aje kumuangalia samaki wake.

Tumbo sasa. Hapa ndo najisifu kidogo mniwie radhi. Nikasema huyu samaki asiwe pambo, ale. Tumbo nikaliweka waya meshi ili kilichomo kionekane, na kwa chini nikaweka kigeti kidogo chenye bawaba mbili na komeo na kufuli, kama geti la mbuzi. Mdomoni upana wa kupitisha chupa. Mtu akipita na chupa yake anamlisha, likijaa tunafungua, chupa zinakwenda kwa wanunuzi wa makopo, hela inanunua glovu na jiki, ikibaki watoto wanakula maandazi. Tukamsimika pale njia panda ya kushukia mtoni, miguu yake nikaimwagia zege.

Sitaki kudanganya mtu kwamba mto ulisafishika. Haukusafishika. Mvua moja ya usiku ilikuwa inarudisha kazi ya mwezi mzima na kijana mmoja aliniambia waziwazi fundi huku ni kuchota bahari kwa kijiko. Sanaa haizoi taka, taka zinazolewa na gari la taka linalopita siku zake, na kwa kuwa na dampo linalofikika, na viwanda vibanwe vipokee vifungashio vyao. Hilo najua. Ila niliona kwa macho dereva wa bodaboda kamaliza maji, mkono ushaenda nyuma anataka kurusha kama kawaida, akamuona kambale kaachama, akashuka kwenye pikipiki akaenda kumlisha huku anacheka mwenyewe. Niliona watoto wanapokezana zamu kulisha, na wakigombana wanagombania nani aokote. Na niliona watu wazima wanabishana pale njia panda saa moja nzima kuhusu nani anamwaga nini huko juu, mabishano ambayo kwenye mkutano wa mtaa huyapati hata ukiwapa soda.

Ikafika karibu na tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Ofisi moja inayojishughulisha na haya mambo, jina nalihifadhi sababu sitaki ugomvi nataka samaki, ikatuma vijana wawili na gari zuri, wakampiga picha, wakasema wanaomba kumuazima wiki mbili kwa ajili ya maonyesho. Tukaona heshima hiyo! Watoto wakamuosha, mimi nikakata miguu kwa grainda juu ya zege nikaahidi nitamrudishia, tukampakia, tukapunga mikono. Wiki mbili ikawa mwezi. Mwalimu akapiga simu akaambiwa yupo kwenye programu. Miezi mitatu, bado yupo kwenye programu. Kuna siku tukaambiwa kapelekwa Dodoma, siku nyingine tukaambiwa yupo stoo salama. Imepita zaidi ya mwaka. Pale njia panda zimebaki nondo nne kwenye zege, watu wanafungia kamba ya kuanikia nguo.

Wiki iliyopita ndo nikaitwa na bosi mmoja nikarekebishe reli za ngazi kwenye hoteli, nimebeba mashine yangu napita pembeni ya lobi, nageuza shingo hivi, nani huyo? Kambale!

Mhariri, nilisimama nikasahau na mashine begani. Wamempuliza rangi ya fedha mwili mzima. Magamba ya kina mama, rangi zote zile, fedha. Mdomo kaachama vilevile lakini mbele kumewekwa kamba nyekundu na kibao, usiguse. Tumboni wamejaza chupa mpya, safi, zina lebo zake na vizibo vyake, zimepangwa kwa mstari kama dukani. Kigeti changu wamekifunga kwa waya juu ya kufuli. Kibandiko chini kimeandikwa maneno mengi ya kitaalamu kuhusu ubunifu na jamii, hakuna Kigogo, hakuna Msimbazi, hakuna watoto. Nikasogea kwenye jicho. Jina la yule mama limefunikwa, ukiinama kwa ubavu unaliona limevimba chini ya rangi.

Ndani ya ukumbi kulikuwa na kikao cha mazingira, mlango uko wazi, mbele ya kila mtu chupa ya maji, nyingi zimenywewa nusu. Dada mmoja akaniomba kwa upole nisogee kidogo maana wanapiga picha. Nikasogea. Baadaye nikiwa nyuma nachomelea reli zangu nikaona chupa zilezile zinatolewa kwenye mifuko myeusi kusubiri gari. Zinakwenda wapi sijui, mvua ikinyesha huenda nikaonana nazo.

Sasa watu wataniambia fundi mbona unalalamika, si samaki wenu kapata jina, wakubwa wanamuona. Nakubali wakubwa wamuone, si ndo tulitaka. Ninachosema ni hiki: mle hotelini amekuwa samaki mwingine. Aliyejifunza kwa huyu kambale ni yule aliyeingiza mkono kwenye tope, aliyechambua, aliyeshona, aliyetambua mfuniko wake. Anayepita akapiga selfi anaondoka na selfi. Lile jahazi la Lamu lilikuwa linawafuata watu walipo, kijiji kwa kijiji, huyu wetu kaondolewa kwa watu akapelekwa kwa wanaotoka kwenye kiyoyozi. Na hata hizi kazi nyingine tunazozisifu zilianzia chini. Wale wanyama wa ndala wanaouzwa Nairobi, twiga na vifaru wa rangirangi, wazo lilitoka Kiunga kaskazini kabisa ya pwani ya Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto walikuwa wanachonga midoli kwa ndala zilizoletwa na bahari, mama zao wakaendeleza. Na hapa kwetu Dar, Edward Saidi Tingatinga miaka ya 1960 hakusubiri turubai la kizungu, alichukua hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, akawafundisha ndugu zake wakawa wanapaka pamoja. Vitu vyetu vinaanza na kilichopo mkononi na watu waliopo jirani. Ukivitenganisha na hao watu unabaki na rangi ya fedha.

Halafu kuna jambo la kifundi ambalo waandaaji wa maonyesho hawalijui na ningependa walisome. Plastiki na jua haviivi chungu kimoja. Mfuko wa salfeti ukiuacha juani miezi michache unapukutika kama ngozi iliyoungua, ukiugusa unga unabaki mkononi, na chupa na vizibo navyo polepole vinakuwa kama biskuti. Maana yake sanamu la taka lisipotunzwa linarudi kuwa taka, tena vipande vidogo vibaya zaidi ambavyo huwezi kuokota. Sisi kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunampitia, gamba likilegea linashonwa upya, salfeti ikichoka inatolewa kabla haijapukutika. Kina mama walikuwa wanafanya hiyo kazi kama wanavyomsuka mtoto nywele. Hotelini nani anafanya? Na hiyo rangi ya spreyi waliyopuliza, juu ya ndala haishiki, nimekwangua kwa ukucha (ndiyo, niliruka kamba) imebanduka.

Na kwa wale wa mitaa mingine waliotuuliza wanataka kutengeneza wa kwao, fanyeni, ila tafadhali msiyeyushe plastiki kwenye jiko la mkaa ili ishikane. Kijana wetu mmoja alijaribu na kipande cha bomba la PVC nyuma ya karakana, ule moshi unakata koo na macho, tulikohoa mpaka jioni. Wale wa Lamu waliyeyusha kwa mitambo na utaratibu wake. Sisi huku tunafunga kwa baindingi waya, tunashona, tunapigilia, inatosha. Na msinunue vitu vipya vya kupendezesha, nimeshaona mahali watu wamenunua chupa dukani kwa ajili ya sanamu la kupinga chupa, sijui niseme nini.

Haya, ombi langu. Ile ofisi inajijua, na watu wake najua wanasoma gazeti hili. Hatudai fidia, hatudai kutajwa, hatutaki semina. Tunaomba kambale arudi. Mradi wa Bonde la Msimbazi unaendelea, watu wamelipwa wanahama, wenzetu waliomtengeneza wengine washaenda Chanika na Mbagala, na tunasikia kwenye mipango kuna bustani kubwa huku chini. Basi ikija hiyo bustani kambale awe humo, aachame, watu wamlishe, watoto wa waliohama wakija kutembea waoneshwe gamba la bibi yao. Mpaka hapo itakapokuja, pale njia panda panamtosha, nondo zangu nne zipo, nguo tutazianua.

Usafiri usiwe kisingizio. Shemeji yangu ana kirikuu, mafuta tutachanga mtaani, mimi nakuja na mashine na thina ya kutolea hiyo fedha. Ufunguo wa kufuli la tumbo ninao hapa kwenye kopo la elektrodi, haujatoka. Na yule mama nilipomsimulia nilichokiona kule hotelini alikaa kimya kidogo, akaenda dukani, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha.

Fundi mageti,
Kigogo, Dar es Salaam